Nailoni kwenye Kifuniko

Mwamapalala, Itilima

Mjomba Shigela, shikamoo.

Jambo hili sijamwambia mtu. Ndege aliyoiunda kaka Mahona ilipozima injini na kuanguka kwenye pamba ya mzee Ndaki, aliyekuwa anairusha hakuwa Mahona. Nilikuwa mimi. Injini ile ya pikipiki ilishindwa kumbeba yeye, na mimi ni mwepesi.

Watu walipofika walimkuta yeye kando ya ndege, sasa wanampa pole yeye, naye anazipokea. Mama anasema tumerogwa. Baba anamcheka Mahona, "Rubani, shika jembe!" Mimi goti linauma, nasema niliteleza kisimani.

Lakini najua kilichotokea. Injini ilikohoa kama pikipiki iliyoishiwa mafuta, ikazima. Nilipotoka nilifungua tangi. Petroli ilikuwepo, ila tangi lilivuta hewa kwa mlio. Mahona alikuwa ameweka nailoni chini ya kifuniko, kama tunavyofunga chupa ya mafuta ya kula, ili petroli isimwagike. Hewa haikuingia, kwa hiyo mafuta hayakushuka.

Nilimwambia. Akanijibu, "Esteria, wewe uliogopa tu, ukapunguza mafuta."

Sikupunguza, mjomba! Na Jumapili ataruka mwenyewe kwa injini kubwa zaidi. Nailoni nikiitoa, anairudisha.

Wewe ni fundi pikipiki, atakusikiliza. Mpigie, jifanye unamuulizia ajali, kisha umwambie tangi lipate hewa.

Ila usinitaje. Baba asijue kamwe kwamba niliruka, wala kwamba nikiitwa tena nitapanda.

Mpwa wako,
Esteria