Mkwe Hashikwi

Jumatatu, 6 Aprili 1970. Kilosa

Mkwe kaja. Nilikuwa uani napepeta mchele, nikasikia pikipiki inanguruma, kuku wakatawanyika, na mimi nikakimbilia jikoni kama kuku mwenzao. Ndivyo inavyotakiwa. Mwanamume aliyemwoa binti yako humtazami usoni, huli naye, humpi mkono. Tangu Lupakisyo amwoe Yudith wangu, mwaka wa pili huu, tunaongea kupitia mlango. Kwao ni Tukuyu, nikadhani watu wa mbali watakuwa na ulegevu kidogo. Wapi! Kwa kukimbia ananishinda hata mimi.

Kasimama nje, kauambia mlango habari zake. Ni bwana shamba kule Mikumi, ameitwa mkutano wilayani, siku tatu. Halafu sauti ikashuka. Yudith amevimba miguu. Mkunga wa zahanati kamwambia alale, asiinue hata ndoo, na mtoto anaweza kuja wakati wowote. Ni mimba ya kwanza. Anamtaka mama yake.

Nikauambia mlango: nitakuja.

Nitakwendaje, hilo nimeliwaza baadaye. Mvua imezoa tuta la reli, treni ya Mikumi haipiti. Basi limelala matopeni tangu Pasaka. Imebaki pikipiki ya serikali na kiti chake cha nyuma.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemweleza jirani yangu Mwanakheri. Amecheka mpaka kakaa chini. Kisha akaniuliza, kwa upole wa uongo, aliyeko nyuma kwenye pikipiki anashika nini. Nikasema anashika kiti. Akasema kaka yake alishika kiti, wakamwokota mtaroni Kimamba. Aliyeko nyuma humshika aliyeko mbele. Kiunoni. Na kwenye kona wanalala pamoja kama mtu mmoja.

Mkwe — kiunoni!

Mtoto akishazaliwa mambo hulegea, mkwe na mama mkwe huweza kupeana mikono kama watu wengine. Lakini huyo mtoto ndiye ninayemwendea. Hapo ndipo nilipokwama, na uji umeungua.

Jioni mkwe kauambia mlango kwamba tunaweza kuweka gunia la mbegu katikati yetu. Mwanakheri kamjibu kwa niaba yangu: gunia likiteleza, mama Yudith anateleza nalo. Mlango ukaaga.

Jumatano, 8 Aprili

Mwanakheri ana akili kuliko wilaya nzima. Kashona mkanda mpana wa gunia, wa kumfunga dereva kiunoni, na kwa nyuma una masikio mawili kama ya chungu. Mimi nashika masikio. Mkwe hashikwi. Mwiko uko palepale.

Tumefanya mazoezi. Mwanakheri kakaa mbele kwenye benchi amevaa mkanda, anaunguruma kwa mdomo. Mimi nyuma, nimetanua miguu. Ndiyo — nimevaa suruali ya marehemu mume wangu chini ya gauni. Kukaa upande kama bibi harusi wa kwenye baiskeli ni hatari, pikipiki inalemea. Vijana wa TANU wakinikamata kwa kuvaa suruali ya kubana, waje waione. Tunaenea wawili.

Masomo yangu haya. Khanga isining'inie, gurudumu likila khanga linakula na mwenyewe. Shavu la mguu likae mbali na bomba la moshi. Miguu isitoke kwenye vyuma vyake mpaka dereva aseme. Nisijitikise. Yote hayo nimeyaweza. Lililonishinda ni kona. Mwanakheri akilala kushoto, mwili wangu wenyewe unavuta kulia, kwa woga. Akasema hivyo ndivyo abiria anavyoangusha pikipiki: dereva kaamua, abiria anapiga kura ya hapana. Hii ni nchi ya chama kimoja, mama Yudith. Lala!

Tukalala sana kushoto, benchi likapinduka. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anapita. Kauliza kama kuna usalama. Tukasema upo. Kaondoka anatikisa kichwa.

Leo sikwenda kufundisha kisomo. Mwaka wenyewe ndio wa elimu ya watu wazima, lakini na mimi nilikuwa nasoma.

Alhamisi, 9 Aprili

Kesho. Mzigo nimeupunguza mara mbili. Mkwe kauambia mlango kwamba nyuma kukiwa kuzito, pikipiki inainua kichwa. Sikujua anasema kibegi au ananisema mimi.

Ijumaa, 10 Aprili. Ulaya

Niko Ulaya, kijiji cha njiani, kwa mama mmoja anaitwa Costancia. Sikupanga kuwa hapa. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Mwanakheri kamfunga mkwe mkanda, kaukaza kama anafunga mzigo wa punda. Yeye si mkwewe, anaweza. Nikapanda. Tukaondoka. Macho niliyafumba mpaka darajani.

Mwendo mfupi tu mkwe akasema, kwa barabara iliyoko mbele yake: mtu wa nyuma asifumbe macho, akifumba hajui kona inakuja. Alijuaje? Tangu hapo ikawa hivyo, mtu wa nyuma hivi, mtu wa nyuma vile. Mlango hatukuwa nao tena, basi alimtengeneza mtu mwingine wa kuongea naye. Tulipofika kwenye mashimo alihangaika kutafuta neno. Mtu wa nyuma... mtu wa nyuma asimame kidogo kwenye vyuma. Nikasimama kidogo. Shimo likapita chini yangu, mgongo hata haukusikia.

Na nilifurahi! Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Mkonge umeoshwa na mvua unang'aa, milima iko wazi, upepo unaingia kwenye suruali ya marehemu. Kwenye kona nililala alipolala. Mara ya kwanza kwa hofu, mara ya tatu nilikuwa naisubiri kona. Nina miaka hamsini na miwili na sikuwahi kwenda kasi namna ile.

Ulaya ikawa karibu. Wasichana watatu walikuwa wanatoka shamba na majembe. Mmoja akapiga goti pembeni ya barabara, mtoto mwenye adabu zake. Shikamoo mama. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nani anaitikia salamu kwa kunyamaza? Nikasema marahaba, mkono juu, sikio moja la mkanda nimeliachia — na pikipiki ikaingia shimoni.

Nilikaa topeni. Kwa kweli sikuanguka, nilikaa, ila mkono wa kushoto ulitangulia chini. Wasichana wakakimbia. Nadhani yule alifikiri shikamoo yake imeniua.

Lupakisyo katupa pikipiki, kaja mbio, mikono ameinyoosha. Ikafika karibu yangu ikasimama hewani. Akairudisha. Kisha akanigeuzia mgongo na kuanza kuita watu. Watu hawakuwepo. Mimi tope limenishika nyonga, mkono mmoja haufanyi kazi, siwezi kuinuka. Yeye hawezi kuniinua. Basi tukakaa hivyo katikati ya barabara ya serikali, mama mkwe chini, mkwe amesimama anatazama porini, wote tunamngoja mtu. Nilicheka. Baadaye nikaona mabega yake, nikajua mwenzangu hacheki, nikaacha.

Costancia ndiye aliyetokea, jembe begani. Kanivuta mara moja nikatoka. Akamgeukia: na wewe baba unatazama nini? Lupakisyo akasema: ni mkwe wangu. Costancia akasema aa, pole, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba. Hakuuliza tena.

Mkono haukuvunjika, umeteguka. Ameukanda kwa maji ya moto na chumvi, kaufunga kitambaa. Ngumi haifungi. Masikio ya mkanda ni mawili na yanataka mikono miwili. Mkwe yuko uani anaiosha pikipiki, nadhani mara ya tatu sasa. Naye hajui tutaondokaje.

Jumamosi, 11 Aprili. Ulaya

Saa tatu asubuhi kaja Gabrieli, bwana mifugo anayefanya kazi na mkwe. Kaja kwa baiskeli kutoka Mikumi, tope mpaka masikioni, alikuwa anatufuata Kilosa. Uchungu wa Yudith umeanza jana mchana na hauendi mbele. Mkunga yuko naye. Kila saa Yudith anauliza mama amefika wapi.

Hauendi mbele. Nimezaa watano, naijua maana yake.

Tumejaribu mkanda palepale uani. Mkono wa kushoto umekataa. Nikishika kwa mkono mmoja nazunguka kama mlango, kona ya kwanza tu niko chini tena, na hapo hatufiki kabisa. Costancia akasema basi nifungwe mgongoni kwa mkwe na khanga, kama mtoto. Hakutania. Lupakisyo kasikia, kaondoka, kazunguka nyuma ya nyumba.

Nikadhani amekimbia tena. Kumbe kaenda kununua jogoo kwa jirani. Kaja naye amemfunga miguu, kapiga goti, kamweka mbele yangu.

Wote tulielewa. Kwao na kwetu hili ni moja: mtoto akizaliwa, baba yake humletea mama mkwe jogoo, naye akimpokea, mwiko umefunguka. Mtoto akizaliwa! Huyu kamleta kabla. Costancia akaweka mkono mdomoni. Gabrieli akawa anaitazama baiskeli yake. Kushukuru kwa mtoto ambaye hajalia bado, hilo watu wazima hawalifanyi. Nikimpokea jogoo, na kule kukiharibika, watasema bibi alikula cha mtoto kabla mtoto hajala. Na watasema maisha yangu yote, na mimi mwenyewe nitasema nao.

Sikunyoosha mkono. Naogopa. Sijui kuliandika namna nyingine.

Ndipo aliponitazama. Usoni, macho kwa macho. Miaka miwili ni mkwe wangu na sikujua kwamba ndevu zake bado hazijakamilika, na kwamba uso wake ni wa kijana aliyepotelewa na mbuzi wa baba yake. Hakusema mtu wa nyuma. Kasema: mama, nataka ufike. Halafu: mama, mimi peke yangu siwezi kuingia mle ndani.

Nimempokea jogoo.

Kama ni lawama, iwe yangu, nina umri wa kuibeba. Kumbe kilichokuwa kinaniogopesha tangu Jumanne si kiuno cha mtu. Nilikuwa naogopa kufika nikakuta kimya. Bado naogopa.

Jogoo anabaki kwa Costancia, hatuna nafasi yake. Mkanda nao nimeuacha, kiuno hakitaki ngumi, hata mkono mbovu utakizunguka. Gabrieli anajaza upepo gurudumu la nyuma, ndiyo maana nimepata muda huu, niko juu ya kiti tayari, daftari limelala kwenye mgongo wa mkwe kama kwenye meza, naye katulia, hata kupumua anapumua kidogo ili nisikosee herufi. Gabrieli kamaliza. Mkwe anasema nishike, barabara ni mbaya mpaka lami. Mkono mzima ninao mmoja, na hauwezi kuandika na kumshika kwa pamoja