Kizazi cha Efrazia

Gare, 3 Juni 1974

Dada Dorothea,

Shikamoo. Habari za huko Handeni, shemeji na watoto? Huku ukungu haujaondoka wiki nzima, lakini tunaishi.

Dada, ile damu niliyokueleza Krismasi haikukoma. Daktari kanipapasa tumbo, akasema, "Mama, una uvimbe ndani ya kizazi. Dawa yake ni kukitoa." Nikamwambia sijazaa bado. Akampa Paskali karatasi atie sahihi, yeye kama mume. Nitapasuliwa tarehe 24. Njoo ukae nami. Tangu mama afariki sina mwingine.

Mdogo wako, Efrazia

Handeni, 17 Juni 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma nikalia. Lakini sitaweza kuja. Tumehamishiwa kijiji kipya cha Ujamaa, nyumba bado haijaezekwa, na shemeji yako yuko shamba la kijiji kutwa. Nakuombea kila jioni.

Dada yako, Dorothea

Gare, 28 Julai 1974

Dada,

Shikamoo. Natumaini mmeshaezeka.

Nilipasuliwa, nikaamka. Muuguzi aliita mlangoni, "Ndugu wa Efrazia!" Akaita tena. Paskali alikuwa hajapata ruhusa kwenye shamba la chai anakofanya kazi. Mama wa kitanda cha pili ndiye aliyenipa uji.

Nimekatazwa ndoo na jembe miezi mitatu. Paskali alipokuja alinichotea maji wiki mbili. Wanawake mtoni wakamcheka: "Mke kapasuliwa, mume kageuka mke." Hakuniambia, nilisikia kwa Imelda, jirani yetu. Sasa Paskali karudi kwenye chai. Mama mkwe hajakanyaga hapa. Imelda mwenyewe alileta makande, akakaa mlangoni, akalitazama tumbo langu na kuongea habari za maharage.

Vitambaa vyangu vya mwezi nilivifua vyote, nikavianika. Vilipokauka sikujua niviweke wapi.

Kidonda kimefunga. Utakuja lini?

Mdogo wako, Efrazia

Handeni, 2 Septemba 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu kwa kidonda.

Nimezungumza na shemeji yako. Tutakupa Esta wetu. Ana miaka minne, hasumbui, anakula chochote. Akae kwako, akuite mama. Shemeji yako atamleta mpaka Soni, Paskali ampokee hapo.

Dada yako, Dorothea

Gare, 14 Septemba 1974

Dada,

Shikamoo. Hapa nasema na kuta.

Esta nampenda, lakini ana mama. Sikukuomba mtoto. Nilikuomba wewe, mara mbili. Paskali akija mwisho wa mwezi hula, akalala kaelekea ukutani. Nikimuuliza husema, "Nimechoka na chai." Na wewe unanitumia sababu, sasa unanitumia mtoto. Nimekukosea nini?

Efrazia

Handeni, 9 Oktoba 1974

Mdogo wangu mpenzi,

Hukuandika "mdogo wako". Nimeliona.

Hujanikosea. Nyumba tuliiezeka tangu Juni. Efrazia, nina mimba. Ni ya saba, ina miezi minane sasa. Barua yako ya kwanza ilinikuta tayari ninayo. Nilijiuliza nitaingiaje wodini, wewe unatolewa kizazi, mimi nimetanguliwa na tumbo. Niliona aibu kama mwizi. Hii ya sasa inanitisha, miguu imevimba, na mkunga wa hapa ni mgeni kwangu. Lakini sistahili kukulilia.

Dada yako, Dorothea

Gare, 19 Oktoba 1974

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliiweka mezani siku nzima bila kuigusa tena. Nilikuwa na hasira, nisikufiche. Ningependa uingie wodini hata na mapacha tumboni, mradi uingie.

Usithubutu kupanda zile kona za mlima kutoka Mombo na hali hiyo. Nitashuka mimi. Daktari ameniruhusu kusafiri, mzigo mzito tu ndio hapana. Paskali mwezi huu kaja mapema, nikamwambia, alisema tu, "Nenda," lakini asubuhi nilimkuta akinifungia viazi vya kukuletea. Ijumaa napanda basi la Mombo.

Sijui uso wangu utafanya nini nikiliona tumbo lako. Ukiniona nalia usiniombe radhi, wala usiingie ndani kujificha. Nipe kigoda nikae karibu yako.

Mdogo wako, Efrazia