Magonjwa Manne

Jumanne, 7 Machi 2023
Tumetoka kwa Dk. Kaliterna mikono mitupu. Sheria inaruhusu dawa ya bangi kwa magonjwa manne tu: saratani, kifafa, ukimwi, na ule wa neva unaopoozesha. Mguu uliokatwa haumo. Bomu la ardhini lilimkata mume wangu Frane mguu vitani mwaka 1993, na mpaka leo kisigino kisichokuwepo kinamuunguza kama kimewekwa kwenye makaa. Daktari aliona haya. Akasema hata akiandika, duka la dawa litairudisha karatasi.
Na Frane akamshukuru! Miaka yake ya upolisi kabla ya vita — heshima imemganda mwilini. Njia nzima ya kurudi nyumbani Sinj alikuwa ameuma leso.

Ijumaa, 17 Machi
Wifi Luca kaleta kichupa cha mafuta ya bangi, kakificha chini ya kabichi kwenye kikapu. Kuna mtu anailima mlimani. Frane akakitazama sana kile kichupa.
"Dada, watu kama huyo niliwafunga pingu mimi. Mmoja alikuwa akimpa mama yake mgonjwa. Leo ninywe mimi?"
Luca akamwita kichwa cha punda, akaondoka analia. Nikayamwaga mafuta kwenye sinki. Mimi mwenyewe, kwa sababu Frane alikuwa ananitazama. Nimejuta kabla hayajaisha kutoka.

Jumatano, 5 Aprili
Amegonga kichwa ukutani. Mara tatu. Kisha akaniomba radhi, kana kwamba ni mimi niliyeumia.
Naandika hapa kwa kuwa kwa padri siwezi. Nilipokuwa namsugua mgongo niliwaza: laiti angekuwa na ugonjwa mmoja kati ya yale manne. Mdogo tu. Mungu wangu, mdogo tu!

Alhamisi, 27 Aprili
Kikohozi. Picha. Pafu la kushoto.

Jumanne, 2 Mei
Ni saratani. Imeshafika kwenye ini.
Dk. Kaliterna alieleza polepole, huku anapangapanga kalamu mezani. Frane alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kola ya shati.
"Basi sasa nimo kwenye orodha?"
Daktari akasema yumo. Akaanza kuandika. Akakosea tarehe, akaandika upya.
"Vizuri," Frane akasema. "Mambo yaende kwa utaratibu."
Nilitoka nikasimama mbele ya mashine ya kahawa ya ukumbini. Muuguzi alidhani imenishinda kuitumia, akanibonyezea. Nikainywa.
Mimi niliomba. Mimi ndiye niliyeomba.

Jumatatu, 8 Mei
Kidonge cha kwanza jana jioni, cha pili leo asubuhi. Mnamo saa nne aliacha kusaga meno. Akainua kichwa, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Halafu akaniambia, "Neda, kisigino kimeacha." Akajilaza na shati lake la kutokea, soksi moja mguuni, akasinzia. Tangu vita sijamwona akilala mchana.
Gari la hospitali la kutupeleka Split limefika. Saa nane wanamweleza amebakiza muda gani. Dereva amepiga honi mara mbili. Luca yuko mlangoni na koti la kaka yake, ananiambia nimwamshe, miadi hii tukiikosa hatujui nyingine lini.
Nimesema ndiyo, namwamsha. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, daftari magotini, mkono wa kushoto begani mwake. Mdomo wake uko wazi kidogo. Hana kunyanzi hata moja kwenye paji —
Honi tena.