Pango Lisiloingiwa na Wanaume

Banaba, 4 Machi 1978

Mama mpenzi,

Mauri. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mguu umepunguza kuuma. Nisalimie Dada Rakera na binti yake Tarema. Mimi ni mzima, ila mgongo tu, na vumbi la hapa linaingia hadi kwenye wali.

Niliahidi nikifika nitakueleza kisiwa chetu kilivyo. Sitakudanganya. Kijiji chenu cha Buakonikai, mlichokiacha Wazungu walipowapakia melini kuwapeleka Rabi, hakipo. Si kwamba nyumba zimeanguka. Ardhi yenyewe imebebwa ikawe mbolea ya mashamba yao, yamebaki mawe marefu yamesimama peke yake, na katikati mashimo ya kumeza kanisa letu pamoja na kengele. Na mimi ndiye ninayechimba. Wenzangu wote ni Wagilbati wa visiwa jirani, wanajua kwetu ni hapa. Siku ya kwanza Tokamauea alinipa sepetu akasema, "Shika, mwenye shamba! Leo unalima kwenu." Wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Sasa uliloniagiza. Mdomo wa pango lenu la maji nimeuona, chini ya jiwe lililoinama, kama ulivyosema. Nilisimama mbali. Lakini mashine ziko karibu, na njia yake inapita hapo hapo.

Mwanao,
Baraniko


Rabi, Fiji, 9 Aprili 1978

Mwanangu Baraniko,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mguu ni ule ule, tumeshazoeana. Barua yako niliwasomea akina mama baada ya ibada. Nei Kaintong alilia mpaka akalowesha kitambaa chake, akaomba na changu.

Unajua kwa nini pango hili linaninyima raha. Tulioshuka mle tukiwa wasichana tumebaki wawili, na mwenzangu siku hizi hata jina lake halikumbuki. Nataka nimlete Tarema. Tutambae naye gizani, nimfundishe neno la kuliitia pango kabla ya kushuka, kisha anywe. Mama yangu alinifundisha hivyo hivyo, kwa magoti, mle mle ndani. Mwalimu wa shule amekuja na mashine yake ya kunasa sauti, anasema anahifadhi mila zetu, nimsemee lile neno. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe una ndevu." Akasema basi atatoka nje, aniachie mashine. Nikamjibu, "Na hiyo mashine ni ya kike au ya kiume?" Akaenda zake.

Baraza limetuahidi nafasi mbili kwenye meli ya Agosti. Kazi yako ni moja: wasiliguse. Na wewe usiingie, hata kwa kiu ya kufa. Marehemu baba yako, mwaka ule wa ukame, alikaa pale nje akipokea vifuu vya maji kutoka mikononi mwetu. Hakuchungulia hata mara moja.

Mama yako


Banaba, 20 Mei 1978

Mama mpenzi,

Habari za siku nyingi? Mimi nimechoka lakini leo nina furaha. Pango limepona!

Nilimwendea bwana wa vipimo, kijana wa Kizungu mwenye soksi ndefu. Nikamwambia mle mna maji ya bibi zetu, msilipue. Akasema, "Mimi naona jiwe. Nionyeshe maji." Nikamweleza mwanamume haingii. Akafunga daftari. "Basi Jumatatu ni baruti."

Mwanamke wa Kibanaba hapa hayupo. Nilimwomba mke wa Tokamauea. Akasema, "Pango la ukoo wa watu? Nikafie humo, watoto wangu utawalea wewe?" Jumapili yote sikula. Alfajiri ya Jumatatu nikachukua taa nikatambaa mbele, yule bwana nyuma yangu.

Najua ulivyoniambia, Mama. Sikufichi. Lakini maji yapo! Baridi, matamu, na vifuu vyenu bado vimepangwa ukutani kama mlitoka jana. Yule bwana alishangaa, akaigeuza njia ya lile chimbo, akazungusha kamba pale mdomoni. Njooni Agosti. Nimekutafutia godoro.

Mwanao,
Baraniko


Banaba, 2 Septemba 1978

Mama,

Shikamoo yangu ikufikie, maana barua naona hazikufikii. Au zinakufikia?

Meli ya Agosti ilikuja. Nilifua shati, nikasimama gatini tangu inatia nanga hadi mtu wa mwisho alipopanda boti kuja nchi kavu. Palishuka magunia ya viazi na mabaharia. Mmoja anatokea Rabi. Nikamuuliza, "Nei Tebora anaumwa?" Akasema, "Nani, mama yako? Nimemwacha anamgombeza mchungaji." Basi nikajua.

Kuna jingine, usilisikie kwa watu. Ile kamba imeondolewa. Wazungu wamegundua maji ni mazuri, sasa Jumapili wanaingia kuoga, na bia zao, na wake zao. Wametundika taa za umeme. Vifuu wamefanya vya kuzimia sigara. Nilikwenda kwa bwana wa soksi, akaniambia kwa upole kabisa, "Lakini ni wewe uliyenionyesha." Tokamauea siku hizi hanitanii. Ningependa anitanie.

Niandikie, Mama. Hata matusi.

Mwanao,
Baraniko


Rabi, Fiji, 15 Oktoba 1978

Baraniko,

Sisi wazima. Barua zako zote zilifika.

Umetaka matusi, sina. Umezaliwa ugenini, umelelewa ukidhani kitu kikionekana ndiyo kipo. Kosa hilo ni letu tuliokulea. Lakini nitakwambia ninavyoona. Wangelipua siku ile, pango lingekufa likiwa letu, na mimi ningemwambia Tarema neno lake kama ninavyomtajia jina la mama yangu aliyekufa. Angelishika. Akizaa binti, angempa. Wewe umelibakiza hai ili nikamfundishe mtoto kuliitia bwawa la walevi? Umeokoa shimo, mwanangu. Waache waoge.

Nafasi mbili za melini nimemrudishia mwenyekiti wa baraza. Hakuuliza.

Juzi Tarema alikuwa ananisuka, akaniuliza, "Bibi, mlikuwa mnaliitaje lile pango kabla ya kushuka?" Nikamwambia nimesahau. Akacheka. "Wewe? Wewe unakumbuka hata nani hakutoa sadaka Krismasi ya juzi!" Nikamwambia shika nywele, usuke. Akasuka kidogo, akauliza tena, safari hii bila kucheka.

Nikamwambia nimesahau.

Mama yako