Vyombo vya Deusi

Jumamosi, 7 Juni

Ndoo ya tatu ya maji leo. Mbili za kwanza nimezimwaga, zilikuwa nyekundu tupu. Magadi vijiko vitano, kipande cha nondo upande mmoja, patasi yenye kutu ikining'inia katikati kwa waya. Chaja ya betri ya gari: chanya kwenye nondo, hasi kwenye patasi. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu huniuliza elektrolisisi itawasaidia nini maishani. Sikuwahi kuwa na jibu zuri.

Nafanyia uani kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni. Jirani aliuliza kama nimeanza kupika gongo. Likizo ndiyo kwanza imeanza, na mtaa mzima wa Kashai utanijadili.

Sanduku lilifika wiki iliyopita. Fundi aliyekuwa akiunda mitumbwi na kaka yangu Deusi kule kisiwani Bumbire alilivusha mwenyewe hadi bandari ya Kemondo. Walilikuta limekwama chini ya ubao wa mbele, mtumbwi wake ulipoopolewa, miezi miwili baada ya dhoruba iliyouzamisha. Deusi mwenyewe hawakumkuta. Patasi sita, misumeno miwili, nyundo, randa ya chuma. Vyote vimekuwa donge moja la kutu.

Jumapili, 8 Juni

Nimempigia Tata, baba yetu, baada ya ibada. Nimemwambia katekista amekubali: tarehe 28 tumwombee Deusi nyumbani Kamachumu, tusimike msalaba kwenye kibanja cha migomba, kando ya kaburi la Mama. Hata kama hakuna mwili.

Akasema, "Mwizi hasimikiwi msalaba kwenye migomba yangu." Akakata simu.

Ana miaka sabini na minane. Miaka sita amemwita mwanawe mwizi wa vyombo vyake vya useremala.

Jumatano, 11 Juni

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimesugua patasi mbili kwa brashi ya waya. Ule weusi unaobaki hutoka kwa urahisi, chini yake chuma kinatokea, kijivu, kina vishimo. Ukichelewa kukausha, kutu inarudi mbele ya macho yako. Nakausha juani, napaka mafuta, nafunga kwenye kanga kuukuu.

Nafanya hivi ili Tata achonge msalaba kwa vyombo vyake mwenyewe. Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia jirani. Ipo nyingine.

Ijumaa, 13 Juni

Randa imekaa kwenye ndoo siku nzima. Nilivua mpini wa mbao kwanza. Jioni nimeusugua ule ubapa wake, na herufi zikatokea. P.K. Alama ya Tata, aliigonga kwa msumari kabla sijazaliwa. Tata aliapa kwamba Deusi ameifuta na kuweka jina lake. Hakuifuta. Hakuongeza hata nukta.

Nimekaa chini uani nikalia.

Niandike, angalau hapa. Deusi hakuiba. Mimi ndiye niliyempa. Mama alipofariki Tata aliacha useremala, akafunga sanduku. Deusi aliomba vyombo akaanze kazi Bumbire. Akajibiwa asubiri urithi. Funguo za nyumba nilikuwa nazo mimi. Jumapili moja Tata akiwa kanisani nilifungua stoo, nikamsaidia Deusi kubeba sanduku hadi barabarani. Nilidhani Tata atafoka wiki moja, yaishe.

Hayakuisha. Nilitaka kusema. Deusi akanikataza kwenye simu: "Nyamaza, Koku. Bora abaki na mtoto mmoja."

Nikanyamaza. Ilikuwa rahisi. Nasikia aibu kuandika kwamba ilikuwa rahisi.

Jumapili, 15 Juni

Kamachumu. Nilimkuta Tata amekaa barazani na kikombe cha rubisi, pombe ya ndizi. Nikaweka randa mapajani pake. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye zile herufi.

Nikamwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini yalitoka ovyo ovyo.

Akaishusha randa sakafuni. Kisha akasema, "Miaka sita unakuja hapa. Unakula kwangu. Unanisikia nikimlaani."

"Ndiyo, Tata."

"Nenda."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Randa aliiacha sakafuni. Nimerudi nayo.

Jumatatu, 16 Juni

Sikula. Nimesafisha msumeno mmoja. Meno mengi yamekwisha.

Jumatano, 18 Juni

Tata hapokei simu. Katekista ananiuliza kama shughuli ipo. Nimemwambia sijui.

Deusi alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuwa akikoroma. Alipenda senene kuliko nyama. Nayaandika kwa sababu hakuna aliyesimama popote akasema neno juu yake.

Jumamosi, 21 Juni

Mchana, hodi. Tata. Amekuja na basi peke yake, amevaa koti la kanisani, hajafika Bukoba tangu Mama alazwe. Hakutaka chai. Akataka kuona ndoo.

Nikatumbukiza patasi ya mwisho, nikawasha. Nikamvutia kiti. Akainama kuangalia mapovu yakipanda kwenye chuma. Nikamweleza, kama ninavyowaeleza wanafunzi, umeme unavyoilegeza kutu. Sijui alisikia nini.

Kisha akauliza bila kuniangalia, "Alikuwa akiulizia habari zangu?"

"Kila alipopiga simu."

"Ulimjibu nini?"

"Kwamba bado umekasirika."

Akatikisa kichwa polepole. "Ulimjibu kweli. Hilo hukudanganya."

Tulikaa hapo saa nzima. Patasi ilipokuwa tayari akaisugua mwenyewe. Akachagua randa, patasi mbili na ule msumeno mzima, akavifunga kwenye gazeti. Nilimsindikiza stendi. Akapanda gari, hakugeuka.

Jumatano, 25 Juni

Katekista amepiga simu. Anasema amepita Kamachumu akakuta ua umejaa maranda ya mbao, na Tata anapumzika kila baada ya kupiga randa mara tatu, na hataki kusaidiwa.

Jumamosi, 28 Juni

Watu hawakuwa wengi. Fundi wa Bumbire alivuka ziwa jana, akasema mbele ya wote kwamba mitumbwi ya Deusi haikuvuja. Msalaba ni wa mbao ya msizi. Jina limechongwa lote, Deusdedit, herufi zimepinda kidogo kuelekea mwisho. Tata aliusimika mwenyewe. Udongo ulikuwa tambarare kwa sababu hakuna mtu chini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alipomaliza alisimama, akasema kwa Kihaya, "Mwanangu, nilikosa." Basi, ni hayo tu.

Mimi hajaniambia kitu. Sikuuliza.

Wageni walipoondoka alikata mkungu, akaleta visu viwili. Tukamenya ndizi, yeye upande ule, mimi upande huu, sufuria katikati. Akauliza shule inafunguliwa lini. Nikamwambia.

"Basi bado zipo siku za kukaa hapa," akasema, akaendelea kumenya.