Wino Mwekundu kwenye Fomu ya Pensheni

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na magoti je? Sisi wazima, kikohozi cha mjukuu wako kimeisha.

Baba, fomu imerudi tena. Ofisi ya kodi inaikata pensheni yako kama mshahara wa mtu aliye kazini, na punguzo la wazee hawalitoi mpaka ujaze kwa wino mweusi. Nilikuwekea kalamu nyeusi ndani ya bahasha. Umejaza kwa nyekundu, na saini imekaa nje ya kisanduku. Nilipanga foleni tangu saa moja, karani akanitazama kama mimi ndiye mwanafunzi wako mtoro. Natuma fomu nyingine. Nakuomba.

Binti yako

21 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananifikisha mlangoni na kunirudisha.

Miaka thelathini na minane nimesahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu. Leo karani aliyezaliwa mimi nikiwa mwalimu mkuu anifundishe wino? Walinikata kodi nikiwa kazini, wananikata tena nikiwa nimekaa kitini. Fomu yao hiyo, nimejaza.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo kwa shida.

Nyekundu tena, mara ya tatu. Kila mara naomba ruhusa kazini, hadi msimamizi anauliza kama kwetu kuna msiba usioisha. Nimechoka. Nakukasirikia, na naona aibu kukukasirikia. Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe thelathini Juni. Tukichelewa, utakatwa mwaka mwingine mzima. Sitaki kukutajia ule msemo wa sikio la kufa.

Niambie kweli, ni ubishi tu?

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukawia.

Barua zako ananisomea mama wa duka. Alipofika kwenye sikio la kufa akakohoa akaruka mstari, nikamwambia arudi.

Si ubishi. Wino mweusi siuoni. Unapotelea kwenye maandishi yao, nisijue nimeandika wapi. Mwekundu nauona kidogo nikiinamisha kichwa. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yanapasuliwa. Nilitaka kuweka akiba ya upasuaji kutoka kwenye pensheni nisikusumbue, na ndiyo hiyo wanayoikata. Mwalimu kushindwa kusoma ni aibu, mwanangu. Nikaona bora uniite mbishi.

Baba yako

16 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mama wa duka, nawe nakusalimu, na asante.

Hasira bado ninazo, ila sasa najikasirikia mwenyewe. Mistari ya barua zako inapanda na kushuka tangu mwaka jana, nami nikaona ubishi tu.

Fomu ya nne nimeijaza mimi, kwa mweusi. Imebaki saini. Naja nayo Alhamisi, na siku ya pili tunakwenda wote kwa daktari wa macho. Ulinishika mkono nikaandika jina langu kwa mara ya kwanza. Nitakushika wako mpaka ndani ya kisanduku.

Usiandike kitu kabla sijafika.

Binti yako