Kimchi ya Mkono wa Kushoto

Baba mpendwa,

Natumaini huko Ulsan hakujawa na baridi kama huku. Kimchi ya mwaka huu iko tayari, kabeji imeanza kuchachuka vizuri.

Tangu Bibi apooze mkono wa kulia, tulimkataza kazi zote kwa heshima. Juzi mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakumuuliza anaumwa wapi, alimuuliza anataka kufanya nini. "Kimchi!" Basi tukainua meza imfikie vizuri, tukaweka kitambaa kilicholowa chini ya beseni lisiteleze, na Bibi akapaka kabeji pilipili kwa mkono wa kushoto.

"Wee mkwe, chumvi yote hii, unakausha samaki?" akamwambia Mama.

Mama alicheka mpaka akatoa machozi.

Nimekutumia kopo moja. Tafadhali onja kabla hujatia sahihi ile fomu ya kumpeleka Bibi kwenye makao ya wazee.

Binti yako,
Haerin